Mshtuko wa sepsisi: ni mwili wa nani uliopimwa?

Safari hii tunaweka kando ngeli na mashairi, maana wengi katika chama chetu wanasomea uuguzi na udaktari, na kuna jambo linatukera.

Sepsisi, ambayo wazee wetu huiita sumu kwenye damu, hutokea pale mwili unapopambana na vijidudu kwa fujo hadi ukaumiza viungo vyake wenyewe. Ikizidi, mishipa hulegea na presha hushuka, hata dripu haitoshi kuipandisha. Huo ndio mshtuko wa sepsisi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 sepsisi iliwapata watu milioni 48.9 na milioni 11 wakafa, wengi wao katika nchi kama zile walikotoka wazazi wetu.

Hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, Wesley Spink na Max Harry Weil waliuchunguza mshtuko huu kwa mbwa katika miaka ya 1950. Baadaye maabara nyingi duniani zilihamia kwa panya, na mara nyingi madume tu, kwa hoja kwamba homoni za jike hupanda na kushuka, zikavuruga hesabu. Hoja ya ajabu! Kinachopanda na kushuka ndicho kilichostahili kupimwa. Majike walipopimwa, wale wenye estrojeni nyingi mara nyingi walistahimili zaidi, na wakiondolewa ovari nafuu hiyo ilipungua. Madume waliohasiwa nao walipata nafuu, kwani testosteroni huelekea kuipunguza nguvu kinga ya mwili.

Lakini asikimbilie mtu kugawa vidonge vya estrojeni. Kwa binadamu, wanaume hupata sepsisi zaidi, ila kuhusu nani hufa zaidi tafiti hazikubaliani. Tena baadhi ya tafiti zimekuta kwamba wagonjwa mahututi wenye estrojeni nyingi sana, wa kike kwa wa kiume, hufa zaidi.

Tangu 2016 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinawataka watafiti wanaoomba fedha wazingatie jinsia. Ni vizuri, lakini sisi tunaona haitoshi. Bibi wa miaka sabini na mama aliyejifungua juzi wote huandikwa "mwanamke" kwenye fomu, wakati damu zao hazifanani hata kidogo. Baada ya kujifungua, estrojeni na projesteroni huporomoka ndani ya siku chache, na siku hizo hizo ndipo sepsisi ya uzazi humvizia mama.

Kudhani kuna gharama. Mwaka 2011, jaribio la FEAST nchini Kenya, Uganda na Tanzania lilionyesha kwamba kuwapa dripu ya haraka watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, tiba iliyoaminika sana, kuliongeza vifo ndani ya saa 48 kutoka asilimia 7.3 hadi 10.5. Watoto wale walipimwa Mbale, Soroti, Kilifi na Muheza, ndipo ikajulikana. Akina mama wa wodi za uzazi za huko huko nao wapimwe, homoni zao ziandikwe, na wenzetu mtakaoingia maabara muhula ujao mlidai hilo mapema.