Fedha za kutunza reli ya zamani zitengwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu utunzaji wa Reli ya Kati, ile ya zamani.

Sisi wa Wilaya ya Kilosa tunaishi kando ya reli hiyo, na tunajua kwamba adui yake mkubwa ni maji. Kati ya Kilosa na Gulwe njia hufuata mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa tuta la reli, na safari zikakatika kwa miezi kadhaa. Tangu hapo mafuriko yamerudi tena na tena. Kuzibua mitaro kabla ya masika, kuongeza kokoto na kuimarisha kingo za mto ni kazi nafuu kuliko kujenga tuta upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali ni je, nani mwenye jukumu hilo na fedha zitoke wapi? Mwaka 2007 kazi ya reli iligawanywa. RAHCO ilimiliki njia, na TRL, ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya RITES ya India, ikaendesha magari moshi. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, lakini haukufikisha hata miaka mitano. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaunganisha RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania. Naunga mkono uamuzi huo. Mwenye njia na mwenye gari moshi wakiwa wawili, ni rahisi kila mmoja kumsubiri mwenzake huku daraja likibomoka.

Kuhusu fedha, mwaka 2015 ilianzishwa tozo ya maendeleo ya reli, wakati huo asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Maana yake ni kwamba hata mwanakijiji anayenunua redio iliyotoka nje anachangia reli.

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na kila Mtanzania anajivunia. Hata hivyo, wananchi wa Tanga, Moshi, Mpanda na Kigoma bado wanategemea reli ya zamani. Ujenzi wa mpya usiwe sababu ya kuiacha ya zamani ife.

Kwa hiyo napendekeza sehemu maalumu ya tozo hiyo itengwe kwa matengenezo ya reli ya zamani tu, isihamishiwe kazi nyingine, na kila mwaka wananchi watangaziwe zimetumika kiasi gani na wapi.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuache kulima kingoni mwa mto, na tuwafichue wanaong'oa vyuma vya reli na kuviuza kama chakavu. Reli ni mali yetu sote.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.