Kabla ya kuhamia Morogoro, hesabu vyungu

Mwenye nyumba Kariakoo amepandisha kodi, au ametangaza kwamba nyumba inavunjwa ili lijengwe ghorofa la maduka na stoo. Wapangaji wanapewa miezi michache. Usiku, watoto wakiwa wamelala, mke anaanza: "Baba watoto, kwa hela hii Morogoro tungepata nyumba nzima." Mume anajibu kwamba duka haliwezi kuhama. Mke anamkumbusha kuwa siku hizi treni ipo.

Ni kweli ipo. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh13,000. Safari ambayo kwa basi ingeweza kula nusu siku sasa ni fupi kuliko safari ya mtu wa Chanika anayekwama kwenye foleni akienda mjini. Ndiyo maana wanandoa wengi wa katikati ya jiji wanalinganisha gharama za maisha za miji hii miwili.

Kosa la kwanza katika kulinganisha ni kutazama kodi ya nyumba peke yake.

Anza na chakula. Kanuni yake ni rahisi: jiulize bidhaa inatoka wapi na inaelekea wapi. Mboga na matunda ya milima ya Uluguru, pamoja na mchele wa Kilombero, vinapita Morogoro kabla ya kupanda magari ya kuja Dar es Salaam. Hapo familia itaokoa. Lakini sabuni, nguo, vyombo, vifaa vya umeme na madaftari ya watoto vinakwenda njia ya pili. Wenye maduka wa Morogoro huvifuata Kariakoo, na nauli ya mzigo huongezwa kwenye bei. Mafuta ya magari nayo ni hivyo hivyo. Yanaposhushwa bandari ya Dar es Salaam, bei kikomo ya EWURA huwa juu zaidi Morogoro kwa sababu ya usafirishaji. Anayeishi hatua chache kutoka sokoni hujisahau kwamba ukaribu huo nao ni pesa.

Umeme una hesabu yake. Bei ya TANESCO ni ileile kwa miji yote miwili, lakini namna ya kuishi hubadili bili. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei ya chini. Katika nyumba ya vyumba sita Kariakoo, wapangaji wote wakiwa kwenye mita moja ya LUKU, uniti 75 huisha mapema, na hata mwenye taa mbili na redio hununua kwa bei ya juu. Familia ikipata nyumba yenye mita yake, Morogoro au hata Mbagala, inaweza kurudi kwenye bei ya mteja mdogo. Unafuu huu watu wengi hawauweki kwenye hesabu.

Sasa turudi kwenye treni. Tuseme familia ikihama itaokoa Sh100,000 za kodi kila mwezi, huku baba akibaki dukani Kariakoo na kwenda nyumbani kila mwisho wa wiki. Kwenda na kurudi kwa nauli ya Sh13,000 ni Sh26,000. Kwa wiki nne ni Sh104,000. Kodi yote iliyookolewa imemezwa na treni na bado Sh4,000 zinadaiwa, kabla ya bodaboda ya kutoka stesheni ya Kihonda hadi nyumbani. Akitaka kwenda na kurudi kila siku, siku sita za kazi ni Sh156,000 kwa wiki.

Na baba huyo lazima alale mahali siku tano au sita. Atapanga chumba, atanunua godoro la pili, atakula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni. Chungu kimoja kilicholisha watu watano kimekuwa viwili, na kile cha mtu mmoja ndicho ghali zaidi kwa kichwa. Chapati na chai ya sukari nyingi asubuhi, chipsi usiku kwa sababu ni haraka: mwenye presha au kisukari ataulipia mlo huo mara mbili, dukani na hospitalini.

Matibabu ndiyo safu inayosahaulika zaidi kwenye daftari. Mtoto mwenye selimundu anayehudhuria kliniki Muhimbili, au bibi mwenye tatizo la moyo anayetibiwa JKCI, leo anafika kwa nauli ya daladala. Baada ya kuhama, kila tarehe ya kliniki itakuwa safari ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji. Pesa zikipungua, tarehe hiyo ndiyo rahisi kuahirishwa, kwa kuwa mgonjwa siku hiyo anaonekana mzima. Kabla ya kufunga mizigo, muulizeni daktari kama huduma hiyo inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na kama ipo ombeni barua ya kuhamishia matibabu huko. Jibu lake lina uzito kuliko maneno ya dalali.

Haya yote hayasemi Morogoro si nafuu. Ni nafuu kwa familia ambayo kipato chake kinahama pamoja nayo: fundi cherehani anayeweza kupata wateja popote, mtumishi aliyepata uhamisho, mstaafu, mama anayepika na kuuza. Kwao chungu kinabaki kimoja, na watoto wanapata uwanja wa kuchezea. Ni ghali kwa familia ambayo kipato chake kimefungwa kwenye fremu moja ya duka Kariakoo. Kwa hao, nyumba ya Mbagala au Gongo la Mboto, ambako baba atarudi kila usiku hata kama amechoka, inaweza kuwa nafuu kuliko nyumba kubwa ya Kihonda.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, chore­ni safu mbili, Kariakoo na Morogoro, na kila mmoja aandike kile anachokilipia yeye. Mama anajua bei ya nyanya na dawa za mtoto. Baba anajua nauli na chakula cha mchana. Wekeni pia gharama za mara moja: gari la mizigo, dalali, kodi ya miezi sita mbele, sare mpya za shule.

Kisha, chini kabisa ya kila safu, andikeni usiku ambao familia italala chini ya paa moja kwa mwezi. Safu moja itasoma 30. Nyingine inaweza kusoma 8. Mkishaiona namba hiyo, ndipo mjadili kodi.