Mhudumu wa Mgahawa Asilipwe kwa Chupa

Mpishi husimama mbele ya moto tangu asubuhi. Mhudumu huzunguka meza hadi usiku wa manane. Na wote wawili hutakiwa wawe na bashasha hata miguu ikiwa imevimba. Zamu inapokwisha, mteja aliyeridhika humwagizia mhudumu bia, na mwenye mgahawa hulifumbia macho jambo hilo kwa kuwa halimpunguzii kitu. Hivyo ndivyo chupa inavyogeuka kuwa sehemu ya ujira, na uraibu ukaanza bila ya mtu kuuita kwa jina lake.

Tatizo hili si la nchi moja. Taarifa ya serikali ya Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2008 na 2012, asilimia 16.9 ya wafanyakazi wa mahoteli na migahawa walikuwa na tatizo la ulevi au dawa za kulevya, ilhali wastani wa kazi zote ulikuwa asilimia 9.5. Hakuna kundi la kazi lililowazidi. Ni kweli kwamba kazi hiyo ina vijana wengi. Lakini ni kweli pia kwamba kijana huyo hukesha pamoja na kileo.

Wapo wasemao kwamba hakuna aliyemshika mlevi mdomo akammiminia. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mishahara kulipwa kwa pombe kali au dawa zenye madhara. Bia ya mteja si mshahara kisheria, lakini matokeo yake nyumbani ni yale yale: chupa haigeuki unga, wala haimnunulii mtoto daftari. Mwalimu ndiye huyaona mapema, pale mtoto anaposinzia darasani kwa sababu usiku kucha nyumbani palikuwa na ugomvi.

Katazo la viroba la Machi 2017 lilikuwa hatua njema, kwani liliondoa kileo cha bei ndogo mikononi mwa wengi. Hata hivyo, katazo halimtibu aliyekwisha kuzama. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa; anahitaji hospitali, si kemeo. Kwa mraibu wa heroini, tiba ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na imewarudisha wengi katika maisha ya kazi. Lakini tiba hiyo, hasa mwanzoni, humtaka mgonjwa afike kliniki kila siku anywe dozi yake mbele ya mtoa huduma. Mpishi wa zamu ya asubuhi atafikaje, ikiwa meneja akijua sababu atamfukuza? Matokeo yake ni kwamba huficha. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwongozo wa Shirika hilo la Kazi wa mwaka 1996 unataka tatizo la ulevi kazini litazamwe kama matatizo mengine ya afya, na siri ya mgonjwa itunzwe. Hilo halimwondolei mwajiri haki ya kusimamia nidhamu. Linamtaka ampe mgonjwa nafasi ya tiba kwanza. Wafanyakazi nao wana nguvu yao. Mjini Charleston, Marekani, mwaka 2016 watu wawili wa migahawa walioacha pombe waliwaanzishia wenzao wa kazi hiyo vikao vya kusaidiana. Familia nazo zilipata jumuiya yao, Al-Anon, tangu mwaka 1951, kwa kuwa mke na watoto huumia hata kama hawakuonja tone.

Wajibu, basi, uko wazi. Mwenye mgahawa amlipe mhudumu fedha, na akatae chupa kuwa bakshishi. Afisa kazi anapokagua aulize saa za zamu na ruhusa ya matibabu, asiishie kwenye daftari la mishahara. Mwalimu amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kumwadhibu mtoto anayesinzia. Na mteja, ambaye mara nyingi ni mtumishi wa umma mwenye mshahara wake, akitaka kumshukuru aliyemhudumia, amwachie kitu kitakachofika nyumbani.