Nyongeza Baada ya Kipimo

Wasomaji wetu vijana, wale wenye fremu na vibanda katika mitaa ya Kariakoo, wametuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hadharani, kwa kuwa lawahusu pia wale wanunuao. Wauliza hivi: mfanyi biashara atendeje ili mshitiri aliyekuja mara moja arudi mara ya pili na ya kumi? Na je, yafaa kumwekea kadi ya alama, kwamba kila anunuapo aandikiwe, na alama zikitimia kiasi fulani apewe zawadi?

Sisi ni waalimu wa chuo, wala hatukusoma elimu ya biashara. Lakini jambo hili si geni katika dini wala katika soko letu, ingawa kadi yake ni ngeni. Mama zetu walilijua kwa jina la nyongeza. Muuzaji akisha kupima kibaba cha mchele, huchota kwa mkono wake akatia juu ya kile kilichokwisha timia. Hata leo anunuaye nyanya kwa sado hungoja zile mbili tatu za mwisho, na asipopewa huondoka akinung'unika.

Asili yake ni kubwa kuliko Kariakoo. Imepokewa kwa Suweid bin Qais kwamba yeye na mwenziwe walileta nguo Makka kutoka Hajar, akawajia Mtume s.a.w. akapatana nao bei ya suruali. Palikuwapo mtu apimaye kwa ujira, maana fedha siku zile zilipimwa kwa mizani, na Mtume akamwamuru apime kisha azidishe. Hapo mnunuzi ndiye aliyetoa nyongeza! Na Jabir bin Abdillah alipomuuzia Mtume ngamia wake safarini, walipofika Madina Bilali aliamriwa amlipe na amzidishie. Kisha Jabir akarudishiwa na ngamia mwenyewe. Tazameni utaratibu wake: kwanza haki yatimizwa, ndipo hisani hufuata juu yake. Haki haikupunguzwa ili hisani ipatikane.

Kadi nyingi za alama zaharibika hapa. Mfanyi biashara hupandisha bei ya kitenge kwa shilingi 2,000, kisha akamwambia mshitiri kwamba amempunguzia 1,000. Huyo hakutoa kitu. Amemtwalia mwenziwe 1,000 na juu yake ataka ashukuriwe. Na Kariakoo si mahali pa kufichia bei. Mtu hutoka Mtaa wa Kongo akaingia Msimbazi, akauliza kitenge kile kile katika maduka matano kwa muda wa kuswali rakaa nne, na akigundua hatorudi, wala jirani zake hawatokuja.

Iko pia nyongeza ya kunyang'anya. Twaikusudia lumbesa, ambapo mkulima hulazimishwa kulijaza gunia hata likavimba na kushonewa kilemba juu, kisha akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza gunia kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupiga vita jambo hili, lakini lingali lipo. Watoto wetu waisoma Suratul Mutaffifin katika Juzuu Amma kabla hawajajua kuhesabu fedha, na habari yake ni hii hii: watu watakao kutimiziwa wapokeapo, na watoapo hupunja. Basi akusanyaye lumbesa kwa mkulima wa Lushoto akaigawa kwa mshitiri wa mjini, amefanya ukarimu kwa mali isiyo yake.

Mshitiri wa kudumu tumtazame yule wa mbali. Kariakoo huja wafanyi biashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Mara ya kwanza mtu huja mwenyewe, hukagua, huhesabu moja moja. Baada ya safari kadhaa haji tena; hutuma fedha na picha ya bidhaa kwa simu, na mwenye duka humchagulia, humfungia robota, humpakilia katika lori liendalo Tunduma. Mtu huyo hana kadi wala alama. Alichonacho ni yakini kwamba kitambaa kilicho chini ya robota ni sawa na kilicho juu. Mtume s.a.w. alipopita sokoni alitia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta maji, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha unyevu. Robota lifunguliwapo Lubumbashi, mkono ule waingia tena.

Nao wachuuzi wa barabarani hushikamana na duka la jumla liwapalo mali kauli asubuhi ili walipe jioni. Hilo nalo ni katika mapenzi ya biashara, maadam laandikwa, kama ilivyoamriwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara.

Asiyesadiki kwamba kadi peke yake haitoshi na aiangalie Nakumatt ya Kenya, ambayo mwaka 2014 iliyachukua maduka ya Shoprite ya hapa Tanzania. Ilikuwa na kadi mashuhuri yenye alama. Rafu zake zilipoanza kuwa tupu mwaka 2017, kadi haikumzuia mtu kwenda duka jingine, na Januari 2020 wadai wake wakakata shauri ivunjwe.

Hata hivyo kadi yenyewe hatuioni kuwa na ubaya. Ila zawadi iwe karibu na iwe kitu kitumiwacho nyumbani, kama kilo ya sukari baada ya manunuzi kumi. Mama mwenye watoto sita hawezi kungojea alama elfu. Sharti zisibadilishwe katikati. Bahati nasibu wanazuoni wamehitilafiana juu yake pale ambapo bei haikuongezwa. Sisi twamshauri kijana aiepuke, kwani inafanana mno na kamari, na tena haimfai: mmoja hupata pikipiki, na mamia aliotaka warudi huenda zao mikono mitupu. Nanyi mlio majumbani, mafuta ya kupikia yasiyohitajiwa msiyanunue kwa ajili ya kujaza kadi. Chupa ya tatu ya mafuta ni ghali kuliko sukari mtakayopewa.

Limebaki moja, nalo ni zito. Katika madhehebu yetu ya Shafi zawadi haiwi milki ya mtu mpaka akabidhiwe, kwa hiyo alama hazihukumiwi kama deni. Lakini ahadi ni ahadi, na kuivunja kumetajwa katika Hadithi kuwa ni alama ya mnafiki. Aliyeamua kuacha mpango wake na abandike tangazo mlangoni mwezi mzima kabla, ili wenye kadi waje wachukue chao. Na daftari la alama aliweke pamoja na daftari la madeni, mahali ambapo mkewe na wanawe wanapajua.