Shimoni tunatolewa, ghorofani je?

Jiwe liliniangukia mgongoni nikiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo huko Geita. Wenzangu walinifunga juu ya ubao, wakanivuta kwa winchi polepole, mmoja akipanda sambamba nami ameshika kichwa kisicheze. Hakuna aliyesomea uokoaji. Ila kamba ilikuwepo, na kila mtu alijua ashike wapi.

Kutoa watu ardhini tunakuweza. Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41.

Sasa natembelea kiti cha magurudumu, na vikao ninavyohudhuria huitishwa hotelini, ghorofa ya tatu. Kupanda nabebwa na vijana. Siku moja kengele ya moto ikalia, ya majaribio kumbe, ukumbi mzima ukateremka mbio. Nikabaki na mtungi wa kuzimia moto ukutani, kadi yake ya ukaguzi imejazwa vizuri. Mtungi ulikuwa na mtu wa kuufuatilia.

Vipo viti vya kushushia watu kwenye ngazi: vina mikanda inayoshika kingo za ngazi, hata mtu mmoja humteremsha mwenzake bila kumbeba. Septemba 11, 2001, jengo lao la New York liliposhambuliwa, John Abruzzo aliyepooza alishushwa kwa kiti kama hicho na wafanyakazi wenzake kutoka ghorofa ya 69. Kilikuwa kimenunuliwa baada ya bomu kulipuka hapo hapo mwaka 1993.

Si kiti tu. Novemba 2022 bweni liliungua Shule ya Msingi Buhangija, Shinyanga. Watoto watatu wasioona wakafariki. Asiyeona anahitaji kamba ya kushika toka kitandani hadi mlangoni, na mazoezi mpaka mkono uizoee gizani. Kiziwi anahitaji taa ya kumulika na kitetemeshi chini ya mto, maana kengele ilie mpaka ichoke, yeye amelala.

Wenye hoteli watasema ni gharama. Hao hao wamebandika vioo toka chini hadi paa! Basi ukumbi wa mikutano uhamie chini, vyumba vya kulala vibaki juu.

Zimamoto nao, kabla ya kutoa cheti cha usalama wa moto, wamwambie mwenye jengo: huyu hapa mtu asiyetembea, yuko ghorofa ya tatu, umeme umekatika, mshushe tuone. Nipo tayari kuwa huyo mtu. Nina kilo sabini.