Wahandisi wa Karatasi

Kabla hamjaniita mkosoaji, hebu nisikilizeni.

Likizo iliyopita mashine ya kusaga mahindi iliharibika kijijini kwetu, upande wa Njoro. Binamu yangu, mhitimu wa uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu fulani (sikitaji!), aliizunguka mara tatu, kisha akaanza kutueleza hesabu. Aliyeitengeneza ni fundi wa jua kali aliyeishia darasa la nane. Kumbe ni beringi tu iliyokwisha! Baadaye binamu aliniambia kwa haya kwamba miaka yote mitano aligusa injini ya karakana yao mara mbili. Injini moja, wanafunzi themanini.

Simcheki. Mimi pia nataka kuwa mhandisi, ndiyo maana naogopa. Kesi ya wahitimu wa uhandisi walionyimwa usajili, wakiwemo wa Egerton hapa Njoro, ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa mwaka 2018. Ubishi ulikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi. Mimi nauliza: anayezisoma ameshika spana?

Wiki chache za mazoezi ya kazini hazitoshi. Mwanafunzi akae mwaka mzima Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, siyo ziara ya kupiga picha kama zile zetu. Na fundi wetu aitwe chuoni afundishe, tena alipwe. Watasema hana cheti. Binamu yangu anacho, na siku hizi kila Jumamosi yuko kibandani kwa fundi huyo, mikono imejaa grisi.