Majarida ya Uwekezaji Yasomwe Darasani

Naonelea kuwa ni wajibu wetu, sisi walimu wa Tarasaa, kuwafunza vijana kusoma na kuandika majarida ya uwekezaji. Mwaka 2008, kampuni ya sukari ya Mumias, ambayo hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ilinuia kushirikiana na halmashauri ya TARDA kupanda miwa katika delta ya Tana. Mwenye hisa alihesabu faida; mfugaji wa hapa alihesabu malisho. Mradi haukutekelezwa, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ikaangukia mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai. Basi mwanafunzi na aulize: nani ameliandika jarida hili, nani atafaidika, na hasara itamwangukia nani? Lisilojibu hayo ni tangazo tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.